Msimu Mama Gloire Alipoambiwa Anyamaze

Kadi ya kwanza ya msimu wa 2020 katika ligi ya kulipwa ya soka la ukumbini hakuonyeshwa mchezaji. Alionyeshwa Katungu, mama wa miaka arobaini na saba, aliyekuwa ameketi safu ya tatu na barakoa yake, mkoba wake na chupa ya chai ya tangawizi. Dakika ya sita mwamuzi alisimamisha mchezo, akavuka mstari, akapanda ngazi za jukwaa huku akihema, akainua kadi ya njano mbele ya uso wa yule mama. Ukumbi wote wa Blacktown, huko Sydney, Australia, ukageuka kumtazama, ingawa kwa sababu ya korona ukumbi wote siku hiyo ulikuwa watu thelathini na wanne.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Mwanawe Gloire alikuwa amefunga bao, naye akapiga kigelegele.

"Sasa minyamaze namna gani?" alimuuliza mwamuzi kwa Kiswahili cha kwao Butembo. "Mutoto yangu amefunga, minyamaze kama niko kwa matanga?"

Mwamuzi hakuelewa hata neno, lakini alielewa sauti, akarudi nyuma hatua moja. Na tuseme ukweli, hata matangani Katungu hakuwahi kunyamaza.

Msimu ule ligi ilikuwa imeandika kanuni kurasa kumi na moja. Kila mchezaji aliruhusiwa mgeni mmoja, na kiti cha mgeni huyo kilibandikwa namba ya jezi ya mchezaji wake. Barakoa muda wote. Kuimba marufuku, mayowe marufuku, mbinja marufuku, maana ilisemekana ugonjwa unasafiri kwa mate ya mtu mwenye furaha. Mtazamaji akionyeshwa kadi mbili, hilo ni onyo. Ya tatu anatolewa nje na mlango unafungwa kwake hadi msimu uishe. Kilichoruhusiwa ni makofi.

Na hapo ndipo penye kisa. Tangu Gloire akiwa na miaka tisa, katika kambi ya wakimbizi ya Kyangwali nchini Uganda, Katungu hakuwahi kukosa mechi yake hata moja. Alikwenda na homa, alikwenda na mguu wenye plasta, na mara moja aliiacha harusi ya mpwa wake kisu kikiwa katikati ya keki. Kijana hakuwa amefunga bao ambalo mama yake hakuliona. Baba wa Gloire hakuwepo wa kuona lolote, alizikwa zamani, kwa hiyo Katungu aliona kwa macho ya watu wawili na kushangilia kwa midomo ya watu wawili. Kufungiwa mlango kwake kungekuwa msiba.

Ligi ilijiita ya kulipwa, na haikusema uongo. Gloire alilipwa. Alichopata kwa mechi kilitosha petroli ya kwenda na kurudi na kuku mmoja wa kuchoma, bila chipsi. Lakini alikuwa na mkataba wenye muhuri, na Katungu alikuwa ameupiga picha akaituma Butembo, Beni, Kampala, na kwa shemeji mmoja wa Ubelgiji ambaye hawakuwa wakisemezana. Kijana wa miaka ishirini na miwili analipwa kwa kucheza! Kwao watoto walichapwa kwa kucheza.

Klabu yenyewe iliitwa Kwarara. Walioianzisha, Wakongo na Wakenya wa Blacktown, walitafuta mtandaoni ndege wa kuweka kwenye nembo, wakamwona huyu mweupe mwenye mdomo mrefu uliopinda, ndege wa mafarao, wakasema huyu ndiye mwenye heshima zake. Jezi zilikuwa zimeshachapishwa walipogundua kwamba kwa watu wa Sydney kwarara ni yule ndege anayefukua mapipa ya taka nje ya vituo vya treni na kumpokonya mtu mkate mkononi. Wageni wakija kucheza Blacktown walileta mifuko ya takataka kama zawadi. Kwarara wakazoea.

Sasa, kigelegele cha Katungu hakikuwa kitu cha kuchezewa. Kilianza chini, kikapanda, kikakaa huko juu kwa muda ambao mtu wa kawaida angevuta pumzi mara mbili, kisha kikashuka kwa madaha. Kuanzia Blacktown hadi Liverpool, harusi ya Wakongo haikuhesabika kuwa imefungwa mpaka yeye apige. Alifanya kazi katika ghala moja la Ingleburn, akipakia karatasi za chooni, kazi ambayo mwezi Machi mwaka ule, watu walipozigombania madukani, ilimfanya awe mwanamke anayesalimiwa kuliko wote magharibi ya Sydney. Siku moja mwenzake pale ghalani alipata mjukuu, Katungu akapiga kimoja cha pongezi. Msimamizi wa usalama alidhani ni king'ora cha moto. Watu mia moja na ishirini walitoka nje, wakapangwa mistari kwenye maegesho, wakahesabiwa, na Katungu akahesabiwa nao huku akiuliza moto uko wapi.

Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa anyamaze.

Mechi ya pili Gloire hakufunga, kwa hiyo hapakuwa na mtihani. Ya tatu Katungu alikuja amejiandaa: barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na kinywani peremende ya kifua kubwa kama jicho la mbuzi. Gloire akafunga kwa kisigino. Katungu akauma meno, akafumba macho, akaikalia mikono yake, na kigelegele kilipokosa mlango wa mbele kikatokea puani. Kilikuwa chembamba, chenye kutetemeka, na kilisikika mpaka kwenye ubao wa matokeo. Mwamuzi akapanda ngazi tena na kadi yake.

"Mum, please," Gloire alimwambia garini. Alielewa Kiswahili chote, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama vijana wote waliokulia kule. "One more and you're out. Just clap like everyone else."

"Kupiga makofi ni kazi ya mukutano," alisema Katungu. "Mi si député wa bungeni."

Alisema kwa ujeuri, lakini moyoni aliogopa. Wengine mwaka ule waliogopa virusi; yeye aliogopa mdomo wake mwenyewe. Mechi zilizobaki zilikuwa kumi, na kila moja ingeweza kuwa ya mwisho kwake, na aliyeshika ufunguo alikuwa ni yeye, mtu ambaye hakumwamini hata kidogo.

Aliyekuja na dawa alikuwa katibu wa klabu, Mkenya aitwaye Muriuki, mtu wa ofisi ambaye hata akienda kununua maziwa alichomeka kalamu mfukoni mwa shati. Mechi za ligi zilikuwa zinaonyeshwa mtandaoni, na waliotazama nyumbani walilalamika kwamba ukumbi ni kimya kama wodi. Ligi ikaagiza kila klabu icheze sauti za mashabiki kwenye spika. Klabu nyingine zilichukua mtandaoni kelele za watu elfu themanini, zikazicheza katika ukumbi wenye watu thelathini, ikawa kichekesho. Muriuki akapata wazo.

"Mama Gloire, tunakurekodi mara moja tu," alimwambia. "Gloire akiscore, yule msichana Mutanu anabonyeza button, sauti inatoka kwa speaker. Wewe umenyamaza, na bado umeshangilia. Rule iko sawa, na wewe uko sawa."

Walirekodi katika stoo ya klabu, katikati ya mipira na koni, mchana, saa ya chakula ya Muriuki. Muriuki akanyoosha simu.

"Haya, Mama Gloire. Tatu, mbili, moja."

Katungu akamtazama. "Napiga ya nini?"

"Piga tu."

"Muriuki, vigelegele si kikohozi. Nani amezaliwa? Nani ameoa?"

"Imagine Gloire amescore."

"Amefunga wapi? Gloire iko kazini saa hii."

Alijaribu hata hivyo, kwa heshima ya katibu. Cha kwanza kilitoka kama birika lililobakiwa na maji kidogo. Cha pili kilikatika njiani. Cha tatu yeye mwenyewe alikionea haya. Muriuki akatazama saa. Alikuwa na kikao saa saba na nusu. Mtu akibanwa husema lolote, naye akasema la kwanza lililomjia.

"By the way, Mama Gloire, hata sijakuambia. Coach amemfanya Gloire captain."

Mipira miwili ilidondoka kwenye rafu. Kigelegele kilijaa stoo, kikatoka kupitia mlango uliofungwa, na mbwa wa jirani akaitikia. Sekunde kumi na moja, safi, bila mkwaruzo.

Muriuki alikusudia kumwambia ukweli papo hapo, ila alitaka kwanza kuhifadhi faili. Alipoinua kichwa, Katungu alikuwa ameshaandika kwenye makundi manne ya WhatsApp, na shemeji wa Ubelgiji alikuwa ameshajibu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kocha akapigiwa simu, akaelezwa taratibu. Alikuwa na nahodha tayari, beki mmoja mzuri tu asiye na hatia yoyote. Jumamosi ile Gloire aliingia uwanjani na kitambaa cha unahodha mkononi, na mpaka leo hajui alikipataje.

Mtambo wa sauti alikabidhiwa Mutanu, msichana wa Machakos aliyekuwa akisomea uuguzi. Aliketi karibu na mtunza saa, kompyuta mbele yake, kitabu cha mifupa pembeni. Mechi ya kwanza ya mtambo huo mambo yalikwenda sawa: Gloire alifunga, kigelegele kikapasua ukumbi, na Katungu, mikono mapajani, alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kwaya ya wengine. Ya pili, kipa wa wageni alianguka akashika goti akilia, na Mutanu, akigeuza ukurasa, akabonyeza kitufe kwa kiwiko. Kigelegele. Wageni walikasirika, na walikuwa na haki. Ya tatu ndiyo iliyotia fora. Watu walisimama kwa dakika moja ya ukimya kumkumbuka mzee mmoja wa kamati ya ligi aliyefariki. Vichwa vimeinama, barakoa zimetulia. Sekunde ya kumi na sita, kutoka kwenye spika zote nne, kikaja kigelegele kizima, na kupanda kwake na kushuka kwake kwa madaha.

Ukumbi wote ukamgeukia Katungu. Mkono wa mwamuzi ulikuwa umeshaingia mfukoni.

"Si mimi!" Katungu alisema kwa kunong'ona kwa nguvu, akijionyesha mdomo kwa vidole vyote kumi. "Mi niko hapa! Ule mwingine iko kwa mashini!"

"Aki mathe, sorry," Mutanu alimwambia baadaye, karibu alie. "Nilikuwa nafanya assignment, kidole ikateleza."

Malalamiko yakafika ligi, lakini usidhani yalihusu marehemu. Wapinzani walilalamikia usawa: kwa nini Kwarara wapate kigelegele na wao wapate kimya? Ligi ikaketi, ikatoa uamuzi. Sauti ya ukumbi ichezwe kwa kila bao, liwe la nani, kwa kiwango kilekile. Basi tangu siku hiyo Katungu wa kwenye spika aliwashangilia waliomfunga mwanawe kwa bidii ileile aliyomshangilia mwanawe. Kisha klabu nyingine, zilizochoka na zile kelele za watu elfu themanini, zikaomba nakala. Muriuki alikuwa mkarimu sana wa vitu vya kutuma kwa barua pepe. Ilipofika Novemba hapakuwa na ukumbi wa ligi ile ambao sauti ya Katungu haikuwemo.

Akawa anakwenda mechi za ugenini, anaketi na peremende yake, halafu anajisikia mwenyewe akimshangilia kijana mwenye mashavu mekundu aliyetoka kumpiga Gloire chenga na kufunga. Shangazi yake alipiga simu kutoka Butembo, ambako walikuwa wakitazama mtandaoni wakati umeme ukiwapo.

"Katungu, uko mugonjwa? Sote tumekusikia unafurahia maadui!"

Watu walicheka, na yeye alicheka nao, lakini iliuma. Kigelegele alikuwa amekipiga kwa ajili ya Gloire, tena kwa habari aliyoiamini, na sasa kilitolewa kwa yeyote kama risiti ya dukani. Alimwambia Muriuki akifute. Muriuki akasema kipo kwa ligi, na ligi imekiweka kwenye faili la faili. Basi Katungu akameza. Tangu kadi ya pili alimeza mechi tisa. Jambo moja lilimshikilia: kiti kilikuwa bado chake, na mabao kumi na moja aliyofunga Gloire msimu ule aliyaona yote kwa macho yake.

Kwarara wakafika fainali. Ilikuwa Jumapili alasiri ya Desemba, joto la kuyeyusha lami, na mechi ilikuwa Blacktown dhidi ya Liverpool. Si ile Liverpool ya Uingereza. Ni hii yetu, ya treni na hospitali. Katungu alielekeza simu kwenye kibandiko cha mlangoni kujiandikisha, akapaka kitakasa mikono hadi viwiko, akaketi. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, kimebandikwa namba tisa ya wageni. Akaweka mkoba wake juu yake. Kisha uungwana ukamsuta, akauondoa na kumuuliza Muriuki aliyekuwa akipita na karatasi zake.

"Hiyo ni ya yule mrefu wa Liverpool, Ntakirutimana," alisema Muriuki. "Mrundi. Hana mtu hapa. Mamake alipata visa February, ticket ilikuwa ya April, na border ikafungwa March. Bado ako Bujumbura."

Katungu akamtafuta kwa macho. Alikuwa kijana wa umri wa Gloire, na jina lake mgongoni lilianzia kwapa hili likaishia kwapa lile.

"Hata rafiki hana?"

"Timu tu."

"Maskini," alisema Katungu. Halafu akakumbuka ni fainali, na huyo ni adui, akarudisha mkoba kitini.

Nisiseme mengi kuhusu mchezo wenyewe; kila aliyekuwepo ana mchezo wake. Liverpool walifunga, mashine ikashangilia. Gloire akasawazisha, mashine ikashangilia. Liverpool tena, Gloire tena. Mara mbili Katungu alihisi kigelegele cha kweli kikipanda kutoka tumboni, na mara mbili alikirudisha kwa peremende, machozi yakimtoka. Dakika moja ilipobaki ilikuwa mbili kwa mbili.

Hapo Ntakirutimana akampokonya mpira Gloire mwenyewe, katikati ya uwanja. Akampiga tobo. Beki akaja, akamwacha amekaa. Kipa akatoka, kijana akasubiri, akasubiri tena, mpaka kipa akachoka kusubiriwa akalala, naye akausukuma mpira wavuni polepole. Tatu kwa mbili.

Kigelegele hakikuja. Mutanu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na wa tatu wa kubonyeza hakuwa nao. Ukumbi ukanyamaza kimya cha msibani. Wenzake Ntakirutimana walimgusa viwiko, kama kanuni zilivyotaka, wakarudi kwenye nafasi zao. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kukimbia. Miguu ya mfungaji hukimbilia jukwaani yenyewe. Alikimbia mikono wazi, barabara hadi mbele ya kiti namba tisa, na juu ya kiti namba tisa akaukuta mkoba wa Katungu. Mikono ikashuka. Akasimama akiutazama ule mkoba.

Uchungu wa mwana aujua mzazi. Katungu alimwona mwanamke wa Bujumbura, ambaye hakuwahi kumwona, akitikisa simu iliyoishiwa bando wakati mwanawe anafanya jambo ambalo angelisimulia hadi kaburini. Alikumbuka kadi zake mbili. Alitazama saa ya ukumbi: sekunde arobaini na nane, na Gloire bado uwanjani, na lolote linaweza kutokea. Aliyajua yote hayo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; na lile bao, jamani, lilikuwa zuri. Akatema peremende ndani ya barakoa, akasimama wima.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kilikuwa cha miezi minne. Kilipita barakoa mbili bila kuziona. Kilipanda, kikakaa juu, na walipodhani kimefika mwisho kikapanda tena, na mtunza saa akaziba masikio. Ntakirutimana aliinua uso. Akamwona mwanamke mfupi mwenye jezi ya Kwarara, amefumba macho, akimpigia yeye. Akaweka mikono yote miwili kichwani, mabega yakaanza kumtingishika, na hakuna aliyejua kama anacheka au analia.

"Mum!" Gloire alipaza sauti kutoka katikati ya uwanja. "Mum, what the hell!"

Kadi ya tatu ilikuja. Mlinzi wa mlangoni, Msamoa mmoja mkubwa kama kabati, alimsindikiza Katungu nje akimwomba radhi kila hatua na kumbebea mkoba. Kamera ilikuwa moja tu, na aliyeishika alijua watu wanapenda nini. Akaiacha mechi, akamfuata Katungu mpaka mlangoni.

Nje jua lilikuwa linachoma maegesho. Katungu alisimama karibu na ukuta, na mlinzi akasimama naye kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Haukupita muda, kupitia ukutani, akajisikia akipiga kigelegele. Mutanu alikuwa amepata fahamu na alikuwa anafuata kanuni.

"Nani amefunga?" Katungu alimuuliza mlinzi.

Mlinzi akainua mabega. Sauti ilikuwa ileile kwa wote. Kikapita kimya kirefu, kisha kigelegele kingine. Kimya. Kigelegele. "Penalties," alisema mlinzi. Katungu akaanza kuhesabu kwa vidole, akijisikia mwenyewe akifurahi, akifurahi tena, bila kujua anafurahia nini. Vya penalti vilikuwa tisa. Tisa haigawanyiki kwa mbili. Basi mtu ameshinda na mtu analia, na yeye hajui amlilie nani.

Muriuki ndiye aliyetoka wa kwanza, kalamu yake imevuja wino kwenye shati.

"Mama Gloire, umetumaliza," alisema. Liverpool tano, Kwarara nne. Aliyekosa ni yule beki, nahodha wa zamani, na Muriuki akatazama pembeni alipomtaja.

"Na ile ya kwanza? Ile mbele ya penalti?"

"Gloire. Zimebaki sekunde tisa." Muriuki akasahau hasira zake. "Mama Gloire, hilo ni bao la msimu. La maisha! Watu watatu, halafu—sijui hata nisemeje."

"Nitaangalia kwa internet."

"Haliko kwa internet. Camera ilikuwa inakufuata wewe."

Katungu akakaa kwenye ukingo wa barabara. Miaka kumi na mitatu hakukosa hata moja, na lile lililopita yote lilifungwa akiwa ameupa uwanja mgongo. Hakujuta kumpigia mtoto wa watu. Hakujuta, na alilia vilevile, barakoa mbili zikamlowa.

Gloire alitoka na begi begani, uso umekunjamana. "You cheered for them," alisema. "With your actual voice, Mum."

"Nilimupigia juu ya mama yake."

"She's not even here!"

"Ndiyo sababu."

Nyuma ya Gloire, Ntakirutimana alikuwa anakuja, medali shingoni. Alisimama mbele ya Katungu, akainama, mkono mmoja umeshika mwingine, kama anavyosalimiwa mtu mzima kwao.

"Mama, asante. Nilizani ni mashine. Halafu nikaona tumbo yako inatingishika."

"Mashini ni ya kila mutu," alisema Katungu. "Ile ilikuwa yako."

Gloire aliwatazama wote wawili, akaona macho ya mama yake, akashusha begi. Kwenye majani palikuwa na kopo tupu la soda. Akalivuta kwa mguu.

"Angalia, mama," alisema, kwa Kiswahili. Kisha akamgeukia Ntakirutimana. "You're you. Go stand where you were."

Mshindi wa fainali akaenda akasimama palepale alipoambiwa, kati ya magari mawili, medali ikining'inia. Muriuki akafanywa beki, na shati lake la wino. Gloire akaanza, kandambili miguuni, kopo likilia kwenye lami. Akampita Muriuki, ambaye hakuhitaji kuigiza. Akamjia Ntakirutimana, akageuka kwa kisigino, na Mrundi akateleza kama alivyokuwa ameteleza kule ndani, kwa uaminifu wote, akaanguka kitako. Kopo likaingia kati ya magurudumu ya gari la Muriuki.

Gloire akageuka kumtazama mama yake, mikono wazi.

Katungu alisimama, akavua barakoa zote mbili, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Koo lilikuwa limekauka kabisa. Alikuwa amekitoa chote kule ndani, hakubakiza. Alijaribu tena, ikatoka pumzi tupu, na Gloire akabaki na mikono yake wazi kwenye jua.

Ndipo Ntakirutimana, bado amekaa chini kwenye lami, akaweka kiganja mdomoni na kuanza kumpigia Gloire. Kilikuwa kigelegele kibaya kuliko vyote vilivyowahi kupigwa Blacktown, kizito, chenye kukatikakatika, na Katungu akakisikiliza mpaka mwisho.